Posta ikihama muji, nani atasema hapana?

Kule Reno, Marekani, viongozi wa muji na wa jimbo walisimama pamoja kukataa barua za watu wao zipelekwe mbali kupangwa. Hapa Kolwezi, posta ilinyamaza pole pole, na hakuna aliyeuliza. Sisi tunaoishi na mine, jambo hili linatugusa zaidi ya vile tunavyowaza.

Asubuhi mapema, pale basi za kwenda Lubumbashi zinapakia watu, utaona jambo hili kila siku. Mama mumoja anafika na bahasha ya kaki mukononi. Hapandi basi. Anatafuta shofere, anamusalimia kwa heshima, anamuonyesha jina na namba ya telefone vyenye ameandika juu ya bahasha kwa biki ya bluu. Anamupa franga kidogo, anashika namba yake, kisha anarudi nyumbani kungojea mutu wa Lubumbashi amubipe kusema imefika.

Ndani ya bahasha muko cheti cha kifo cha bwana yake, cheti cha ndoa, na karatasi za kazi alizoacha marehemu. Njo dosie ya pansioni. Ikipotea katika kilometa 300 na zaidi za balabala, mama anaanza tena kwa mwanzo: komini, tribinali, buro ya kampuni, buro ya CNSS. Na kila mulango una bei yake.

Hii njo posta yetu ya leo: shofere mwema, namba ya telefone, na Mungu. Mara nyingi inafika. Lakini siku haikufika, hakuna buro ya kwenda kulalamika, hakuna risiti, hakuna mutu wa kujibu. Shofere hakuiba, alisahau tu. Utamushitaki wapi?

Kazi ya kituo cha kupanga barua

Wengi wetu tukisikia «posta» tunawaza guishe na tembre. Lakini moyo wa posta hauko kwa guishe. Uko nyuma, pahali watu wa inje hawaingie: kituo cha kupanga barua.

Barua zote za eneo zinakusanywa pale. Zinagongwa kashe yenye tarehe na jina la muji. Kisha zinapangwa kufuatana na pahali zinaenda: hizi za hapa hapa, hizi za muji wa jirani, hizi za mbali. Zamani ilikuwa kazi ya mikono na visanduku vya mbao. Katika inchi tajiri leo ni mashini, zenye kusoma anwani na kupanga maelfu ya barua kwa saa moja.

Kama kituo kiko karibu, barua ya mutaa mumoja kwenda mutaa wa jirani inafanya safari fupi. Kituo kikihamishwa, barua ile ile inasafiri mbali, inapangwa kule, kisha inarudi. Tuseme unaandika barua hapa Kolwezi kwa mutu wa Fungurume. Fungurume iko njiani kwenda Lubumbashi. Kama kituo kiko Lubumbashi, barua yako itapita Fungurume bila kusimama, itaenda mupaka Lubumbashi, italala kule, kisha itarudi nyuma. Kwa mwenye kuchora plan katika buro ya mbali, ni jambo ndogo. Kwa mwenye kungojea dawa ao karatasi ya kesi, ni siku nyingi.

Reno, muji uliokataa

Mambo haya njo yaliwafikia watu wa Reno, katika jimbo la Nevada, mwaka wa 2024. Nevada ni inchi ya mine kama Lualaba. Mwaka wa 1859 walivumbua mukanda mukubwa wa fedha ya Comstock, karibu kilometa 40 toka pale Reno iko leo. Na mupaka leo, Nevada njo inatoa zaidi ya nusu ya zahabu ya Marekani. Kwa hiyo ni watu wenye kujua maana ya kuishi mbali na wakubwa, na kuona utajiri wa udongo wao ukipanda gari.

Posta ya Marekani ilikuwa inapoteza pesa. Kwa mwaka wake wa 2023 peke yake ilipata hasara ya dola miliare 6 na nusu. Tangu 2021, mukubwa wake Louis DeJoy alikuwa na plan ya miaka kumi: kukusanya kazi ya kupanga barua katika vituo vikubwa vichache, na kupunguza vile vidogo. Katika plan ile, barua zinazotoka Reno zilipashwa kupelekwa eneo la Sacramento, katika jimbo la California, kilometa kama 200, ngambo ya milima ya Sierra Nevada.

Sasa, milima ile si kilima cha Kolwezi. Wakati wa baridi teluji inaanguka kwa metre nzima. Mwanzo wa mwezi wa 3 mwaka ule ule wa 2024, zoruba ya teluji ilifunga balabala kubwa ya kupita pale kwa siku kadhaa. Watu wa Reno hawakuhitaji mwalimu wa kuwaeleza: kama balabala inafungwa, barua ya Reno kwenda Reno itangojea juu ya mulima.

Njo hapo viongozi waliamuka. Gavana wa Nevada, Joe Lombardo, ni wa chama cha Republican. Maseneta wawili wa jimbo, Catherine Cortez Masto na Jacky Rosen, ni wa chama cha Democrat. Katika mambo mingi hawasikilizane. Katika hili walisema neno moja: hapana. Waziri wa jimbo mwenye kuangalia uchaguzi, Cisco Aguilar, alileta hoja nzito: katika Nevada karibu kila mwenye kuandikwa kwa uchaguzi anatumiwa karatasi ya kura kwa posta. Kama barua inachelewa mulimani, kura ya mwananchi inaweza kufika nyuma ya saa. Viongozi wa muji na wa kaunti, na watumishi wa posta wenyewe, wakaongeza sauti zao: wazee wanapokea dawa kwa posta, wanajeshi wa zamani vile vile, wafanyabiashara wadogo wanapokea sheki zao.

Posta haikufunga macho tu na kukata. Mbele ya kuamua, ilipashwa kutangaza plan, kuita mukutano wa watu wote, na kupokea maneno yao kwa maandiko. Mukutano peke yake haukusimamisha kitu: nyuma yake Posta iliendelea kusema itahamisha. Lakini yale yaliyosemwa yaliandikwa, na yaliyoandikwa yalishikwa na maseneta, ya Nevada na ya majimbo mengine yenye shida ile ile. Mwezi wa 5 wa 2024, DeJoy akakubali kusimamisha plan mupaka mwaka wa 2025. Kisha, mbele ya mwaka kuisha, Posta ikarudi nyuma juu ya Reno: barua zinazotumwa na kupokelewa ndani ya eneo lile zitabakia kupangwa pale pale.

Mwezi wa 1 wa 2025, tume ya serikali yenye kuangalia Posta ikatoa maoni yake: plan ilijengwa juu ya hesabu zenye makosa, na watu wa vijijini njo wangeumia zaidi. Mwezi wa 3, DeJoy akaacha kazi.

Tusidanganyane, si kila muji ulishinda. Kuna miji mingine iliyopiga kelele sawa na Reno na kazi ikahamishwa. Na shida ya pesa ya Posta ile haikuisha. Lakini kila pahali, kiongozi alilazimika kutoka mbele ya watu na kusema yuko upande gani.

Kolwezi pia ilikuwa na posta

Watoto wa leo wanaweza kuwaza kama Kolwezi haikujua barua. Si hivyo. Kongo iliingia katika Umoja wa Posta wa Dunia mwaka wa 1886, wakati Lubumbashi yenyewe haijazaliwa. Reli ya Tenke kwenda Dilolo ilimalizika mwaka wa 1931, na muji wa Kolwezi ukasimama mwaka wa 1937 juu ya shaba ya Union Minière. Pamoja na gari la moshi na kambi za watumishi, mikanda ilikuwa inakuja pia. Mutumishi aliyetoka Kasaï ao Luapula ao Maniema alikuwa anatuma mukanda na mandat kwa wazazi, na kungojea jibu.

Wazee wanakumbuka neno «bwate postale». Mwenye kuwa na bwate alikuwa mutu. Mutoto alitumwa na ufunguo kwenda kufungua, na akirudi na mukanda wenye tembre ya picha ya nyama ao ya mukubwa wa inchi, kartie yote ilijua.

Na mwenye kutaka kujua namna gani posta ilikuwa kitu kikubwa, akumbuke mwezi wa 5 wa 1978. Tarehe 19, wakati askari wa Légion étrangère ya Ufaransa waliruka toka ndege juu ya Kolwezi, walikuwa wamepewa pahali pa kukamata mbele ya pengine: shule ya Jean XXIII, hospitali, hoteli Impala, daraja kati ya muji wa zamani na muji mupya, na posta. Mwenye kushika posta alishika mawasiliano ya muji.

Kisha nini kilitokea? Hakuna siku moja ya kusema «posta ilifungwa leo». Gécamines, iliyotoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilianguka mupaka chini ya tani 50,000 mwaka wa 1993. Mine ya Kamoto ilibomoka mwaka wa 1990. Wizi wa 1991 ulipita katika miji ya inchi. Franga ilipoteza nguvu, tembre ikagharimu kibunda cha noti. Mutumishi wa posta asiyelipwa hawezi kusukuma barua kwa mukono mutupu. Ofisi ya posta na telefone ilibadilisha jina mwaka wa 1997 kuwa OCPT, na leo inaitwa SCPT. Jina lake linasikika zaidi kwa mambo ya fibre optique, ile kebo iliyofika Muanda toka bahari mwaka wa 2013, kuliko kwa barua. Watumishi wake wamelalamika mara nyingi juu ya mishahara isiyolipwa.

Hivi posta yetu haikufungwa kwa dekre. Ilinyamaza. Na kitu chenye kunyamaza hakina tarehe ya mukutano, hakina karatasi ya kusaini hapana.

«Lakini tuko na WhatsApp»

Kijana atasema: yaya, barua ya nini tena? Picha inafika Kinshasa kwa dakika moja, pesa inapita kwa telefone. Ni kweli, na hakuna mwenye kutaka kurudisha zamani. Hata Denmark, inchi tajiri, posta yake ilifunga kazi ya kupeleka barua mwisho wa mwezi wa 12 wa 2025, baada ya miaka 400. Lakini kule, mbele ya kufunga, serikali ilimupa karibu kila raia sanduku lake la intaneti, lenye nguvu ya sheria. Barua ya serikali ikiingia pale, imekufikia. Sisi hatujapewa sanduku la namna ile. Sisi tumeacha la kwanza bila kupata la pili.

Na kwa mutu wa mine, karatasi si mapambo. Kodi ya kazi ya Kongo, sheria ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka wa 2002, inasema mwenye kuvunja kontra ya kazi anapashwa kumujulisha mwenzake kwa maandiko. Kama ni patron anayefukuza, barua inapashwa kuonyesha wazi sababu. Tarehe ile ile njo ilisainiwa pia sheria juu ya posta. Siku moja, sheria mbili: moja inadai barua, ingine inapanga njia ya barua kupita. Ya kwanza tunaishi nayo kila siku. Ya pili, tunaisikia kwa mbali.

Wale zaidi ya 10,000 waliotoka Gécamines mwaka wa 2003 katika ile operesheni ya kuondoka kwa mapenzi wanajua bei ya karatasi. Wengi walirudi kwa vijiji vyao na majimbo mengine. Mwenye kushika karatasi zake aliweza kudai. Mwenye kupoteza alibakia na maneno. Vile vile mujane wa mutumishi wa sous-traitance, mwanafunzi mwenye kungojea diplome, creuseur mwenye koperative yake inangojea jibu la wizara toka Kinshasa: wote wanahitaji karatasi yenyewe, si picha. Na wanahitaji kushuhudia siku ilitoka na siku ilifika. Hii njo kazi ya kashe ya posta: kusema tarehe, bila kupendelea patron wala mutumishi.

Nani anaweza kusimama hapa kwetu?

Mutu atajibu: posta ni kazi ya Kinshasa, meya atafanya nini? Ni kweli, SCPT ni kampuni ya serikali ya kati. Lakini hata Reno, posta ilikuwa ya Washington. Gavana Lombardo hakuwa na amri juu yake hata kidogo. Alikuwa na sauti tu, na aliitumia.

Viongozi wetu wako na sauti pia, na leo wako na zaidi ya sauti. Tangu 2015 Kolwezi ni muji mukubwa wa jimbo lake, haitupi macho tena Lubumbashi kwa kila kitu. Kodi ya mine iliyobadilishwa mwezi wa 3 wa 2018 inasema redevance minière inagawanywa hivi: 50% kwa serikali ya kati, 25% kwa jimbo, 15% kwa muji ao sekta ao shefferie pale mine iko, na 10% kwa mufuko wa vizazi vinavyokuja. Shaba na kobalti vya udongo huu vinaacha kitu hapa. Na mwezi wa 12 wa 2023, watu walichagua washauri wa komini katika miji mikubwa ya majimbo. Dilala na Manika ziko ndani. Wale njo viongozi wa karibu kabisa: mutu anaweza kuwakuta kwa soko.

Basi maswali matatu yanaweza kuulizwa bila kuomba pesa kwa mutu. La kwanza: SCPT iko na kazi gani leo katika Lualaba, na watumishi wangapi wenye kulipwa? La pili: kama barua ya Kolwezi inapashwa kupangwa, inapangwa wapi, na inachukua siku ngapi? La tatu njo kubwa zaidi: mbele ya kuhamisha buro yoyote ya serikali toka muji, iwe posta, iwe buro ya pansioni, iwe gari ya treni, nani anapashwa kuita watu na kuwasikiliza? Depite wa jimbo anaweza kuuliza Gavana katika Assemblée. Mushauri wa komini anaweza kuuliza bourgmestre. Jibu likiandikwa, hata kama ni baya, tuko na pahali pa kuanzia.

Sababu jambo hili halitaisha kwa posta. Muji wa mine unazoea kuangalia kitu kimoja: shimo. Shimo likitoa, tunashukuru, likifungwa, tunalia. Katikati ya hapo, vitu vingine vinaondoka kwa mulango wa nyuma: buro moja, guishe moja, treni moja. Siku shimo litafungwa kweli, tutageuka kutafuta muji na kukuta ni nyumba tu.

Kwa wakati huu

Mama mwenye bahasha hawezi kungojea Assemblée. Kwa hiyo, musomaji, kama unapashwa kutuma karatasi za maana, fanya hivi. Usitume orijinali kama kopi yenye kashe ya komini inatosha. Andika barua ndogo ya juu, yenye tarehe na liste ya karatasi zote zilizo ndani, na ufanye kopi mbili za barua ile. Piga picha ya kila karatasi na ya bahasha yenyewe. Yule atakayefikisha, umuombe aingie na kopi ya pili, mwenye kupokea aweke pale jina, sinyature, tarehe na kashe ya buro. Kopi ile irudi kwako, uitunze pamoja na vyeti vya watoto. Ni ile ile accusé de réception posta ilikuwa inatupa. Patron akisema hajapokea, utaitoa.

Saa kumi na mbili na nusu basi inawasha motere. Bahasha ya kaki iko mbele, kati ya kioo na usukani, chini ya kitambaa cha shofere. Mama amesimama kando ya balabala mupaka basi inapotea. Anashika telefone mukononi. Kama kuna heri, mbele ya jua kushuka italia.